Bakapu za kanzidata: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchagua njia salama

Ukurasa huu ni wa watu wanaotunza kanzidata bila kuajiriwa kwa kazi hiyo: aliyetengeneza tovuti akajikuta ndiye fundi wa seva pia, mhasibu aliyeachiwa kompyuta yenye mfumo wa mauzo, kijana ambaye programu yake imepata watumiaji ghafla. Mifano mingi ni ya PostgreSQL, MySQL na MariaDB kwa kuwa ndizo ninazozishika kila siku. Nakala rudufu nitaziita bakapu, maana ndivyo tunavyosema kazini.

Njia ziko nyingi. Nianzie wapi kuchagua?

Anzia mwisho. Siku seva ikifa utataka kurudi wapi, na haraka kiasi gani? Hapo kuna maswali mawili. La kwanza: kazi ya muda gani inaweza kupotea bila kuleta hasara isiyobebeka? La pili: mfumo unaweza kukaa umelala kwa muda gani? Kwenye nyaraka za kitaalamu utayakuta kwa vifupisho RPO na RTO.

Chukua mfumo unaopokea oda mchana kutwa, bakapu yake ikichukuliwa saa 8 usiku. Diski ikifa saa 11 jioni, zimepotea oda za saa 15. Kama kila oda ilitumiwa barua pepe ya uthibitisho, mtu anaweza kukaa akaziingiza upya. Atachoka, lakini itawezekana. Kama ni mfumo wa malipo, saa 15 ni balaa. Ndiyo maana simwambii mtu atumie njia fulani kabla hajanijibu haya mawili. Na asijijibie mwenyewe, amuulize mwenye biashara. Nimeona mafundi wakiamua kimyakimya kwamba siku moja ikipotea si kitu, kumbe mwenye mali alidhani hakuna kinachoweza kupotea hata kidogo.

Kwa nini nisinakili tu folda ya data?

Kwa sababu kanzidata iliyo kazini haitulii. PostgreSQL huandika data kwa kurasa za KB 8, InnoDB (injini ya MySQL inayohifadhi majedwali) kwa kurasa za KB 16, na wakati wowote ule baadhi ya mabadiliko bado yako kwenye RAM, mengine kwenye logi (daftari la mabadiliko), mengine yameshafika kwenye mafaili. Amri ya `cp` inapita faili moja baada ya jingine. Inapofika la mwisho, la kwanza limeshabadilika. Unabaki na picha ya hali ambayo haijawahi kuwepo: jedwali la oda ni la saa 8:03, la malipo ni la saa 8:07, na katikati kuna kurasa ambazo nusu ni mpya na nusu ni za zamani.

Kinachoponza watu ni kwamba nakala ya namna hiyo mara nyingi inawaka. Seva inaanza, majedwali yanaonekana, unapumua. Hitilafu hujitokeza baadaye, faharasa (orodha inayosaidia kutafuta haraka) inapoelekeza kwenye safu ambayo haipo.

Ukiizima seva kwanza, ukanakili folda nzima pamoja na logi zake, kisha ukaiwasha, hapo ni sawa. Kwa mfumo unaolala usiku, hiyo ni njia halali kabisa, hata kama haina madoido.

Dampu ni nini, na je, inatosha?

Dampu ni kanzidata iliyoandikwa upya kama amri: tengeneza jedwali hili, ingiza safu hizi. Zana zake ni `pg_dump` kwa PostgreSQL na `mysqldump` kwa MySQL. MariaDB nayo ina ya kwake, `mariadb-dump`. Faida yake kubwa ni kwamba haijafungwa kwenye mashine wala toleo. Dampu ya leo unaweza kuirejesha kwenye seva mpya, yenye toleo jipya, na ukihitaji jedwali moja tu unaweza kulichomoa.

Kwa kanzidata za ukubwa wa kawaida, tuseme hadi makumi ya GB, mimi huanza na dampu na mara nyingi naishia hapo. Ila ina mitego, na kila mmoja nimeshauona ukinasa mtu.

Kwa MySQL, usiache `--single-transaction`. Bila hiyo, `mysqldump` hufunga majedwali wakati inasoma, watumiaji wanaganda, na mtu mwenye hasira anaiua kazi katikati. Ukiiweka, dampu yote inasomwa ndani ya muamala mmoja (kundi la hatua linalohesabiwa kama hatua moja), hivyo unapata hali ya sekunde moja. Lakini hilo linafanya kazi kwa majedwali ya InnoDB tu. Ukiwa na majedwali ya zamani ya MyISAM hayana miamala, na yataendelea kubadilika wakati dampu inaandikwa. Pia mtu asiendeshe `ALTER TABLE` wakati huo, maana dampu inaweza kukatika au kutoka na upungufu.

Mtego wa pili: vichochezi (triggers) vinachukuliwa vyenyewe, ila taratibu zilizohifadhiwa (stored procedures) na matukio yaliyopangwa (events) havichukuliwi mpaka uombe. Amri yangu ya kila siku inakuwa hivi:

`mysqldump --single-transaction --routines --events --default-character-set=utf8mb4 mauzo > mauzo.sql`

Ile `utf8mb4`, namna ya kuhifadhi herufi, si pambo. Kabla ya MySQL 8.0, `mysqldump` ilitumia utf8 ya baiti 3, na emoji zinahitaji 4. Matokeo yake kila kicheko na kila moyo kwenye ujumbe wa wateja kinarudi kikiwa alama ya kuuliza. Hakuna kosa linalotangazwa.

Kwa PostgreSQL, `pg_dump` hukupa hali ya wakati mmoja bila kuombwa. Inachoacha ni watumiaji na ruhusa za seva nzima, kwa sababu hizo hazimo ndani ya kanzidata moja. Ongeza `pg_dumpall --globals-only` kwenye skripti, la sivyo siku ya kurejesha utapata majedwali yote na makosa lukuki kuhusu wamiliki wasiojulikana. Tumia pia umbizo la `-Fc`. Linabana data lenyewe na linakuruhusu kuchagua cha kurejesha kwa `pg_restore`.

Ni lini dampu inashindwa kutosha?

Kurejesha kunapochukua muda mrefu kuliko unavyoweza kusubiri. Watu hupima muda wa kuchukua dampu wakadhani kuirudisha ni muda uleule. Si kweli. Wakati wa kurejesha, faharasa zote zinajengwa upya kutoka mwanzo na vizuizi vyote vinakaguliwa. Dampu ya nusu saa inaweza kudai saa kadhaa kurudi.

Hapo ndipo unahamia bakapu ya mafaili yenyewe, inayochukuliwa na zana inayojua jinsi kanzidata inavyoandika: `pg_basebackup` kwa PostgreSQL, Percona XtraBackup kwa MySQL, `mariabackup` kwa MariaDB, RMAN kwa Oracle. Zana hizi hunakili kurasa huku zikichukua na logi ya mabadiliko yaliyotokea njiani, ili mwisho kila ukurasa uletwe kwenye hali moja. Kurejesha ni kurudisha mafaili na kuwasha.

Bei yake ni kwamba umefungwa. Bakapu ya mafaili ya PostgreSQL 15 haiwaki kwenye PostgreSQL 16. Hata mfumo endeshi una neno lake: maktaba ya glibc ilibadilisha mpangilio wa herufi kwenye toleo 2.28, na waliohamisha mafaili ya PostgreSQL kutoka Linux ya zamani kwenda mpya walikuta faharasa za maandishi zikitoa majibu ya uongo hadi walipozijenga upya. Kwa hiyo hata penye bakapu ya mafaili kila usiku, mimi huacha dampu moja ya wiki pembeni.

Je, naweza kurudi hadi dakika moja kabla ya kosa?

Unaweza, ukijiandaa mapema. Na hii ndiyo sehemu ninayowasihi watu waisome mara mbili, kwa sababu kosa linalotokea zaidi si diski kufa. Ni mtu.

Saa 4:12 asubuhi mwenzako anaendesha `DELETE FROM wateja` na kidole kinamtangulia kabla hajaandika `WHERE`. Bakapu ya usiku unayo, lakini asubuhi nzima ya kazi itapotea. Ukiwa na bakapu ya mafaili pamoja na logi zote zilizoandikwa tangu wakati huo, unarudisha bakapu, kisha unaiambia seva icheze logi upya na isimame saa 4:11.

PostgreSQL huita logi hiyo WAL. Unaweka `archive_mode` na `archive_command` ili kila kipande kinapojaa kinakiliwe mahali pengine, na siku ya shida unaweka `recovery_target_time`. Kwa kawaida seva ikifika hapo inasimama ikusubiri uangalie kama data iko sawa kabla ya kuendelea, jambo la busara sana. MySQL ina binlogi. Unazicheza kwa `mysqlbinlog` ukiweka `--stop-datetime`. Kwenye MySQL 8.0 binlogi zimewashwa tayari na hutunzwa siku 30 usipobadilisha. MariaDB hazijawashwa mpaka uwashe.

Angalia saa ya seva kabla hujaandika chochote. Saa 4:11 asubuhi seva inaiandika 10:11, na seva nyingi zimewekwa UTC, si saa ya ukutani kwako. Ukikosea hapo, unarudisha kosa lenyewe, unaanza upya.

Kwa SQL Server, haya yanawezekana pale hali ya urejeshaji ikiwa `FULL` na bakapu za logi zikichukuliwa mara kwa mara. Ukiacha `FULL` bila kuchukua bakapu za logi, logi inakua tu hadi ijaze diski, na watu wengi wamekutana na suala la bakapu kwa mara ya kwanza kupitia mlango huo.

Na logi zikikaa kwenye diski ileile ya kanzidata, diski ikifa zinakufa nayo.

Nina replika. Si ndiyo bakapu?

Hapana. Replika ni seva ya pili inayonakili kila badiliko la seva kuu, na ile `DELETE` ya juu imefika kwenye replika kabla mwenzako hajaondoa kidole kwenye kibodi. Replika inakulinda na mashine kufa, haikulindi na mkono wa mtu wala hitilafu ya programu. Unaweza kuichelewesha makusudi, kwa mfano saa moja, kwa `recovery_min_apply_delay` kwenye PostgreSQL au `SOURCE_DELAY` kwenye MySQL. Ni kinga nzuri ya ziada, ila lazima kosa ligundulike ndani ya hiyo saa.

Na snapshoti za diski kwenye wingu?

Ni nzuri na ni za haraka, mradi uelewe unachopata: hali ya diski kana kwamba umeme ulikatika sekunde ile. Kanzidata nzuri inajua kuamka baada ya umeme kukatika, hivyo kwa diski moja snapshoti ya kweli ya papo kwa papo inakubalika. Tatizo linaanza data ikiwa diski moja na logi diski nyingine, halafu snapshoti mbili zikachukuliwa kwa tofauti ya sekunde chache. Hazitapatana. Kama huwezi kuzichukua kwa mpigo mmoja, usizitegemee.

Snapshoti pia hukaa kwa mtoa huduma yuleyule, ndani ya akaunti ileile, na hilo linatuleta kwenye swali linalofuata.

Mtoa huduma wangu wa wingu anachukua bakapu mwenyewe. Kwa nini nijisumbue?

Soma masharti kwanza: zinatunzwa siku ngapi, na seva ikifutwa, bakapu zake zinabaki au zinaondoka nayo? Kwenye baadhi ya huduma zinaondoka nayo usipochagua vinginevyo.

Halafu fikiria mambo mawili yaliyotokea kweli. Mwezi Juni 2014, mtu aliingia kwenye akaunti ya wingu ya kampuni ya Code Spaces, iliyokuwa ikihifadhi misimbo ya watengenezaji programu, akadai fedha, na walipojaribu kumtoa akafuta: data, snapshoti, bakapu, karibu vyote. Vyote vilikuwa chini ya ufunguo mmoja. Kampuni ilifunga. Na tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la SBG2 la OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa. Kuna wateja waliokuwa na bakapu, ila zilikuwa kwenye eneo hilohilo.

Kwa hiyo bakapu ya mtoa huduma itumie, ni rahisi na hurejesha haraka. Juu yake weka nakala moja mahali pengine, kwenye akaunti nyingine yenye nywila nyingine, ikiwezekana kwa mtoa huduma mwingine.

Kanuni ya 3-2-1 bado ina maana?

Ndiyo. Nakala 3 za data, kwenye aina 2 za vyombo, na 1 nje ya eneo. Aliyeieneza ni mpiga picha, Peter Krogh, akifikiria picha za kidijitali na si kanzidata, lakini inaingia bila kubanwa. Nakala ya kwanza ni kanzidata yenyewe, kwa hiyo unatafuta mbili tu. Hiyo ya "vyombo 2" siku hizi naisoma kama "njia 2 zisizoweza kuharibiwa na tukio moja".

Vipi wadukuzi wanaofunga data na kudai kikombozi?

Hao hutafuta bakapu kwanza. Wakiingia kwenye seva wakakuta diski ya bakapu imepachikwa pembeni, na nywila ya hifadhi ya wingu iko ndani ya skripti, umewaandalia meza.

Dawa ni kugeuza mwelekeo. Badala ya seva ya kanzidata kusukuma bakapu kwenda kwenye hifadhi kwa ruhusa kamili, mashine nyingine inakuja kuivuta, na seva ya kanzidata haina ruhusa yoyote kule. Ikishindikana, ipe seva ruhusa ya kuongeza tu, si ya kufuta wala kuandika juu. Zana kama Borg zina hali hiyo. Hifadhi nyingi za wingu pia zinaweza kufunga faili lisifutwe na yeyote kwa idadi ya siku unazotaja. Washa hiyo. Na diski ya nje inayochomolewa na kufungiwa kabatini bado inafanya kazi nzuri, hata kama vijana wanaicheka.

Nisimbe bakapu?

Simba, yaani geuza kisisomeke bila ufunguo, chochote kinachotoka nje ya seva. Dampu ni kanzidata nzima bila mlango: majina, simu, madeni, yote kwenye faili moja linaloingia kwenye flashi.

Tumia ufunguo wa jozi, kwa `age` au `gpg`. Ufunguo wa hadharani unakaa kwenye seva na unaweza kusimba tu. Wa siri unakaa kwingine. Mdukuzi akiichukua seva hawezi kufungua hata bakapu moja ya zamani. Bana kwanza ndipo usimbe, maana data iliyosimbwa haibaniki.

Ufunguo wa siri ukiuhifadhi kwenye seva ileile, umefanya mchezo. Ukiupoteza, huna bakapu. Uwe na watu wawili wanaojua ulipo, na uuchape kwenye karatasi.

Nywila ya kanzidata yenyewe isiandikwe kwenye amri, kwa kuwa inaweza kuonekana kwenye orodha ya kazi zinazoendelea. PostgreSQL ina faili la `.pgpass` (lipe ruhusa 0600, la sivyo litapuuzwa), na MySQL ina `--defaults-extra-file`.

Nitajuaje kwamba bakapu ya jana ilifanikiwa?

Hapa nina aibu ya kusimulia. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na skripti ya usiku, mstari mmoja:

`pg_dump mauzo | gzip > mauzo-$(date +%F).sql.gz`

Kila asubuhi kulikuwa na faili jipya lenye tarehe. Nilikuwa naona majina yakipangana vizuri, nikaridhika. Siku moja mwenzangu wa uhasibu akanijia: "Kaka, nahitaji takwimu za mwezi uliopita kama zilivyokuwa kabla ya masahihisho." Nikafungua faili la kwanza, tupu. La pili, tupu. Nikaendesha `ls -l` na kwa mara ya kwanza nikatazama safuwima ya ukubwa: 20, 20, 20, 20, wiki kumi na moja mfululizo.

Baiti 20 ni ukubwa wa faili la gzip lisilo na kitu ndani. Nywila ilikuwa imebadilishwa, `pg_dump` ikawa inagoma kila usiku, lakini gzip ilipokea hewa, ikaibana vizuri, ikarudisha jibu la mafanikio. Kwenye bomba la amri, jibu linalohesabiwa ni la amri ya mwisho.

Tangu siku hiyo kila skripti yangu ya bash inaanza na `set -euo pipefail`, ili isimame amri yoyote kwenye bomba ikishindwa. Lakini sikuishia hapo. Skripti inalinganisha ukubwa wa leo na wa jana. Tofauti kubwa, inapiga kelele. Inasoma mwisho wa dampu: ya `mysqldump` iliyokamilika humalizia na mstari unaoanza na `-- Dump completed`, ya `pg_dump` ya maandishi ina `-- PostgreSQL database dump complete`. Mstari usipokuwepo, dampu ilikatika. Na taarifa isiwe ya kushindwa tu. Skripti isiyoendeshwa kabisa haiwezi kukutumia barua ya kulalamika, kwa hiyo weka kitu cha nje kinachosubiri salamu ya mafanikio kila siku na kukuamsha kisipoipata.

Je, inawezekana bakapu zote zikakosekana kwa pamoja?

Waulize GitLab, ambao waliyaeleza yao hadharani kwa uungwana mkubwa. Tarehe 31 Januari 2017 usiku, mhandisi wao alikuwa akihangaika na replika iliyobaki nyuma. Akafuta folda ya data akidhani yuko kwenye replika, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alipositisha, katika takriban GB 300 zilibaki GB 4.5.

Wakaenda kwenye bakapu. Dampu za kila siku hazikuwepo: zana iliyokuwa ikiendeshwa ilikuwa `pg_dump` ya toleo 9.2 wakati seva ni 9.6, ikawa inakataa. Barua pepe za kutangaza kosa zilitumwa, ila zilikataliwa na kanuni za DMARC (za kuzuia barua pepe za kughushi), hakuna aliyeziona. Snapshoti za diski hazikuwa zimewashwa kwa seva za kanzidata. Kilichowaokoa ni snapshoti ya LVM (zana ya Linux ya kusimamia diski) ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Walipoteza karibu saa sita za data.

Ukisoma kisa hicho unaona hakuna kitu kigeni ndani yake. Toleo lisilolingana, barua isiyofika, dirisha la terminali lisilo sahihi. Mimi tangu hapo nimepaka terminali za seva kuu rangi nyekundu.

Jaribio la kurejesha nilifanyeje bila kuharibu?

Kwenye mashine nyingine, kila mara. Dampu ya `mysqldump` huweka `DROP TABLE` kabla ya kila jedwali usipoikataza, na ukitumia `--databases` huandika pia mstari wa `USE` unaoelekeza kwenye jina la asili. Maana yake, ukiiendesha kwenye seva kuu ukidhani umechagua kanzidata ya majaribio, itafuta ya kweli na kuweka ya jana. Fungua faili, tazama mistari ya mwanzo, ndipo uendelee.

Washa seva tupu, rejesha, na uanze kuhesabu muda tangu unapolitafuta faili, si tangu amri inapoanza. Kupakua kutoka kwenye wingu na kutafuta ufunguo ni sehemu ya muda wa kurejesha. Kisha uliza maswali ya kweli: safu ngapi kwenye majedwali makubwa matatu? Oda ya mwisho ni ya saa ngapi? Elekeza programu yenyewe kwenye kanzidata hiyo, ingia kama mtumiaji, fungua ripoti moja unayoijua. Andika kila hatua kwenye karatasi kadiri unavyokwenda, na mara inayofuata mpe mtu mwingine karatasi hiyo afanye wewe ukiwa umekaa kimya. Pale anapokuuliza ndipo palipokosa maelezo.

Mara moja kwa mwezi kwa mfumo wenye fedha, na baada ya kila badiliko kubwa. Amri kama `RESTORE VERIFYONLY` ya SQL Server inasaidia kujua faili linasomeka, lakini haichukui nafasi ya hili.

Nitunze bakapu kwa muda gani?

Kwa muda mrefu kuliko unaokuchukua kugundua kosa. Ukitunza siku 7 tu, na kosa la hesabu likagundulika mwisho wa mwezi, bakapu zote 7 zina kosa hilo. Mpangilio ninaoutumia ni za siku 7, za wiki 4 au 5, na za mwezi 12. Kumbuka tu kwamba bakapu ni data za watu: mteja aliyeomba kufutwa bado yumo ndani yake, na sheria za faragha za mahali ulipo zinaweza kuwa na neno. Weka ukomo, na uufuate.

Natumia SQLite. Si faili moja tu la kunakili?

Ni faili moja hadi pale programu inapolitumia. Katika hali ya WAL kuna jingine pembeni lenye `-wal` mwishoni, na mabadiliko mapya yako humo. Tumia amri ya `.backup` au `VACUUM INTO`, ambayo ipo tangu toleo 3.27.0 la 2019.

Na MongoDB au Redis?

Kwa MongoDB yenye replika, `mongodump` itumie na `--oplog` ili upate hali ya wakati mmoja. Bila hiyo, makusanyo yanasomwa kwa nyakati tofauti. Redis huandika faili la RDB, na hilo unaweza kulinakili hata seva ikiwa kazini, kwa sababu huandikwa pembeni kwanza kisha kubadilishwa jina.

Ninapandisha toleo la kanzidata wiki hii. Kuna la ziada?

Chukua dampu mpya muda mfupi kabla ya kuanza, usitegemee ya usiku. Kwa PostgreSQL ichukue kwa `pg_dump` ya toleo jipya unalokwenda, kwani ya zamani haikubali kusoma seva iliyo mpya kuliko yenyewe, ila mpya husoma ya zamani bila shida. Ukishapandisha, hakiki zana ya kwenye skripti ya usiku ni toleo gani: `pg_dump --version`. Kisha asubuhi ya kwanza amka utazame safuwima ya ukubwa.